Joto ni Mhimili wa Tano

KARAKANA YA WASOMAJI
Maswali na majibu kuhusu kidhibiti cha kujitengenezea cha mashine ya kukata stairofomu kwa waya wa moto

Tangu nilipoitaja katika safu hii mashine ya kukata stairofomu inayoongozwa na kompyuta, barua hazijakatika. Wengi wenu mmeshajenga minara miwili inayovuta waya, mmeshafunga mota, na sasa mmekwama pale palipobaki: kisanduku cha katikati kinachopokea maneno ya kompyuta na kuyageuza kuwa mwendo na joto. Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana imebeba maswali ya wengi.

*

*Shikamoo Fundi. Narusha ndege ndogo za redio na nataka nikate mabawa yangu mwenyewe. Minara miwili iko tayari, kila mmoja una mota mbili za NEMA 17 na fimbo za skrubu za M6. Rafiki yangu amenipa Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) pamoja na bodi ya kupachika juu yake yenye nafasi nne za draiva (vipande vinavyopeleka mkondo kwenye mota), anasema kwa mihimili minne, yaani mielekeo minne ya mwendo, inatosha. Upande wa waya nina swichi ya kupunguzia mwanga wa taa, nafikiria kuiunga moja kwa moja na umeme wa ukutani. Nianzie wapi? – Mrusha Ndege*

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye hiyo swichi ya taa: itoe mezani, iweke mbali. Waya wa mashine hii uko uchi, umevutwa kati ya minara miwili ya chuma, na mkono wako utaugusa kila ukipanga kipande cha stairofomu. Swichi ile hupunguza mwanga lakini haikutengi na umeme wa ukutani hata kidogo. Ukiugusa waya umeugusa ukuta. Nimewahi kumfanyia mtu matengenezo akaniletea kifaa cha namna hiyo, na nilichomwambia ndicho ninachokwambia wewe: joto lolote la waya huu litoke kwenye pawasaplai au transfoma inayotenga, yenye volti 12 au 24, basi.

Sasa bodi. Rafiki yako hakukudanganya kwa makusudi. Nafasi nne kweli zipo. Lakini programu ya grbl ya kawaida, ile inayogeuza amri za kompyuta kuwa mapigo ya mota, iliyoanzishwa na Simen Svale Skogseth wa Norway mwaka 2009 na ambayo wengi wetu tunaitumia mpaka leo, inaendesha mihimili mitatu kwenye Uno: X, Y na Z. Nafasi ya nne kwenye bodi yako huiga tu mmoja wa hiyo mitatu, kwa kuhamisha vijampa (viunganishi vidogo vya kuchomeka). Kwa mashine ya mbao yenye mota mbili upande mmoja hilo ni jambo jema. Kwako halifai, kwa sababu bawa lenye shina pana na ncha nyembamba linataka mnara wa kushoto utembee umbali mmoja na wa kulia umbali mwingine, waanze pamoja na wafike pamoja. Unahitaji mihimili minne inayojitegemea.

Njia ninayoipendekeza, na ndiyo iliyo mezani kwangu, ni Arduino Mega 2560 na juu yake bodi ya RAMPS 1.4. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu vya plastiki, ina nafasi tano za draiva: X, Y, Z, E0 na E1. Unaipakia toleo la grbl lililoandikwa kwa ajili ya Mega na mihimili mitano. Kwenye faili la mipangilio unaiambia mihimili ni minne na unaipa herufi. Mimi natumia X na Y kushoto, Z na A kulia. Herufi zozote utakazochagua, hakikisha programu inayokutengenezea njia za kukata inaandika hizohizo, la sivyo mnara wa kulia utakaa kimya na wewe utalaumu draiva.

Hesabu ya hatua ifanye mwenyewe, usichukue namba ya mtu. Mota yako ina hatua 200 kwa mzunguko. Fimbo ya M6 husogeza nati mm 1 kwa mzunguko. Ukiigawa kila hatua mara 16, unapata 200 × 16 ÷ 1, yaani hatua 3,200 kwa kila mm. Inaonekana usahihi wa ajabu, ila tazama kasi. Kukata kwa mm 300 kwa dakika ni mm 5 kwa sekunde, kwa hiyo mapigo 16,000 kila sekunde, pigo moja kwa kila hatua. Ukitaka kurudisha minara kwa mm 600 kwa dakika ni mapigo 32,000. Grbl kwenye chipu ya megahezi 16 inafika karibu 30,000 na hapo imechoka. Mihimili ikiongezeka, uwezo unapungua. Gawa mara 8. Unabaki na hatua 1,600 kwa mm, ambazo ni nyingi kupita chochote ambacho stairofomu inaweza kuonyesha. Kwenye draiva ya A4988 maana yake ni kuacha vijampa viwili vya kwanza na kuondoa cha tatu. Namba hiyo 1,600 ndiyo unayoiandika kwenye mipangilio ya $100 hadi $103.

Kila draiva ina skrubu ndogo ya kurekebisha mkondo. Kabla ya kufunga mota, tafuta rezista mbili nyeusi bapa kwenye draiva na usome maandishi yake. Zikiwa R100, A4988 itatoa ampea 1 pale mita yako inapoonyesha volti 0.8 kati ya ile skrubu na hasi. Zikiwa R050, ampea 1 ni volti 0.4. Wengi wanasoma maelekezo ya aina moja na kushika draiva ya aina nyingine, kisha mota zinachemka mpaka hazishikiki. Ampea 0.8 hadi 1 inakutosha, maana waya ukiwa na joto sahihi hausukumi kitu. Stairofomu inayeyuka mbele yake kabla haujaigusa.

Sasa nafika kwenye jambo ninalolishikilia kuliko yote. Watu wanajenga kidhibiti cha mota nne, halafu waya wanauwashia pembeni, na kirekebishi chake cha mkono, kama vile ni mashine nyingine. Mimi nasema joto ni mhimili wa tano. Liendeshwe na bodi ileile, kwa amri zilezile, kwenye faili lilelile. Mwendo bila joto unakata waya. Joto bila mwendo linachimba shimo. Vitu viwili vinavyotegemeana hivyo haviwezi kuwa na mabwana wawili.

Bahati nzuri RAMPS tayari ina mosfeti tatu, yaani swichi za kielektroniki, za kuwasha vichemsho vya mashine ya kuchapa. Waya wako nao ni kichemsho tu. Angalia kwenye ramani ya pini ya toleo lako la grbl ni pini ipi inayotoa amri ya spindo (mota ya kisu kwenye mashine za mbao), kisha unga waya huko, au unga mosfeti ya pembeni. Lakini kwanza piga hesabu ya waya wenyewe.

Nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromiamu ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hataza mwaka 1906, ina ukinzani mkubwa na haiungui hewani kirahisi. Waya wa mm 0.4 una takriban omu 8.8 kwa mita. Kati ya minara yako ukiwa na mm 800, ni omu 7. Kwa volti 12 utapata ampea 1.7, yaani wati 20 hivi. Kwa urefu huo mimi hupenda ampea 2, sawa na wati 28, ili nikate kwa kasi ninayoitaka. Kwa hiyo volti 12 zitakata, ila polepole, na hutakuwa na akiba. Volti 24 zikiachiwa zote zinakupa ampea 3.4 na wati 82, na hapo waya unawaka mwekundu na kulegea. Ndipo bodi inapoingia: inawasha na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, na kwa kuwasha asilimia 34 tu ya muda unapata zile wati 28. Ikiwa kiwango cha juu ($30) ni 1000, amri yako ya kuwasha ni M3 S340.

Usiilishe RAMPS yenyewe volti 24. Ina diodi, D1, inayopeleka umeme huo kwenye Mega, na moja ya fyuzi zake haikutengenezwa kwa volti hizo. Iache na volti 12 kwa ajili ya mota. Waya upe pawasaplai yake ya volti 24 na mosfeti yake, na uunganishe hasi za pawasaplai mbili mahali pamoja.

Mosfeti iwe IRLZ44N. Soma herufi ya tatu: L. Ndugu yake IRFZ44N anafanana naye umbo na miguu, lakini anataka karibu volti 10 kwenye geti, mguu wake wa kupokea amri, ndipo afunguke sawasawa. Ukimpa 5 za Arduino anafunguka nusu na kuchemka. IRLZ44N kwa ampea 3.4 inapoteza chini ya nusu wati, haihitaji hata kipoza joto. Kati ya pini ya bodi na geti weka rezista ya omu 150 hivi. Kati ya geti na hasi weka rezista ya kilo-omu 10.

Hiyo ya pili ndiyo niliyoiacha katika kidhibiti changu cha kwanza. Niliona haina kazi: mashine ilikata vizuri bila hiyo. Jioni moja nilikuwa nimepanga kipande kikubwa tayari kwa asubuhi, pawasaplai ya waya ikiwa imewashwa, nikafungua programu kwenye kompyuta nione faili. Ile kuunganisha tu kupitia USB huifanya Arduino ijiwashe upya, na kwa muda huo mfupi pini zake hazishiki upande wowote. Geti likaelea, mosfeti ikafunguka, waya ukapata wati zote. Niligundua kwa harufu. Waya ulikuwa umezama ndani ya kipande hadi ubaoni na kuacha mstari mweusi ambao bado upo kwenye meza ile. Rezista moja ndogo ingelishika geti chini na hakuna kitu kingetokea. Siku hizi naifunga hiyo kwanza, kabla hata ya mosfeti yenyewe.

Faili lako lianze na M3 S340, kisha G4 P5 ili waya upate sekunde tano za kupata moto, ndipo mwendo uanze. Limalizike na M5 baada ya waya kutoka kabisa nje ya kipande. Ukiuzima ukiwa ndani, stairofomu itaushika.

*

*Fundi, draiva mbili za A4988 zimeniungulia ndani ya wiki moja. Zote zilikuwa zinafanya kazi vizuri, nikabadilisha upande wa mota kwa kugeuza plagi, basi zikafa. Je, ni draiva mbovu? – Aliyechoka*

Pole sana ndugu. Uligeuza plagi umeme ukiwa umewashwa, sivyo? Koili ya mota inayopitisha mkondo haikubali kukatwa ghafla. Inarusha volti kubwa kwa kitambo kidogo, na draiva ndiyo iliyo karibu. Zima, subiri sekunde kumi, ndipo uguse plagi yoyote. Kama ni kugeuza mwelekeo tu, huna haja hata ya kugusa plagi: mpangilio wa $3 wa grbl unafanya hivyo kwa namba.

Na kama bodi yako si RAMPS bali umeilehemu mwenyewe, weka kapasita ya mikrofaradi 100 karibu kabisa na miguu ya umeme wa mota ya kila draiva. Nyaya ndefu za pawasaplai nazo hurusha volti wakati wa kuwasha.

*

*Mpendwa Mhariri wa Karakana, mabawa yangu yanatoka na shina zuri lakini ncha nyembamba kuliko mchoro, na uso wa ncha una mabonde. Shina ni mm 240, ncha ni mm 120. Nimeangalia hatua kwa mm, ziko sawa pande zote. – Mwenye Bawa Jembamba*

Hatua zako ziko sawa, nakuamini. Tatizo ni muda. Waya unamaliza mm 240 za shina na mm 120 za ncha kwa wakati mmoja, kwa hiyo kwenye ncha unakwenda nusu ya kasi, na kila mm ya ncha inaota moto kwa muda mara mbili. Waya wa moto haukati kwa upana wake wa mm 0.4. Unayeyusha njia pana kuliko mwili wake, na njia hiyo inapanuka kadiri unavyokawia.

Ipime, usikisie. Chukua kipande, kata mistari miwili iliyonyooka iliyoachana mm 50 kwenye faili, kwa kasi ya mm 300 kwa dakika. Toa ubao uliobaki katikati, upime kwa kalipa. Tuseme ni mm 48.8: njia ya mkato ni mm 1.2. Rudia kwa mm 150 kwa dakika, joto lilelile. Tuseme sasa ni mm 48.2, njia ni mm 1.8. Basi kwenye shina unasogeza waya nje ya mstari kwa mm 0.6, kwenye ncha kwa mm 0.9. Programu nzuri za kutengeneza njia za bawa hukubali namba tofauti kwa kila upande. Ukiwa na moja inayokubali namba moja tu, chora ncha yako ikiwa nene kwa tofauti hiyo. Andika vipimo hivi ukutani, pamoja na uzito wa stairofomu uliyotumia, maana nyepesi na nzito haziyeyuki sawa. Mimi nina karatasi nzima ya namba hizo juu ya mashine na ndiyo mali yangu kubwa katika kazi hii.

Kuna kitu kingine ambacho kilinisumbua miezi. Ukiandika F300, unadhani waya utakwenda mm 300 kwa dakika. Lakini grbl haijui kama mihimili yako minne ni minara miwili. Inaihesabu yote kama umbali mmoja: inazidisha kila mwendo kwa wenyewe, inajumlisha, inatafuta kipeuo cha pili. Pande mbili zikienda sawasawa, F300 inakuwa mm 212 tu kwa kila upande. Kwenye bawa lako, shina linakwenda kama mm 268 na ncha mm 134. Kwa hiyo jaribio lako la kupima njia ya mkato, ambalo pande zake zinakwenda sawa, liandikie F424 ukitaka 300 za kweli, na F212 ukitaka 150.

Ukichoka na hesabu hiyo, kuna amri ya G93. Hapo F haiwi kasi tena, inakuwa mgawanyo wa dakika: F2 maana yake mstari huu umalizike kwa nusu dakika. Unataka shina la mm 240 liende mm 300 kwa dakika? Hiyo ni dakika 0.8, andika F1.25. Ila kila mstari unataka F yake, kwa hiyo ni kazi ya programu, si ya mkono.

Yale mabonde kwenye ncha ni suala jingine kidogo. Waya umelegea. Nikromu ya mm 800 ikipanda nyuzi 300 inarefuka zaidi ya mm 3. Na mnara mmoja ukitangulia mwingine kwa mm 150, umbali kati ya minara unaongezeka karibu mm 14. Ukiufunga waya moja kwa moja pande zote, ama utalegea ama utakatika. Mwisho mmoja upitie kwenye kapi na kushikwa na springi ndefu laini, au uzito unaoning'inia. Mimi nimehamia kwenye uzito kwa sababu mvuto wake ni uleule waya ukiwa mfupi au mrefu. Ukiugonga kwa kidole utoe sauti kama uzi wa gitaa, ukiwa baridi na ukiwa moto.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nina kompyuta mpakato na kidhibiti cha zamani cha poti sambamba, ile ya printa yenye pini 25. Nimenunua kigeuzi cha USB kwenda poti hiyo lakini mota zinatetemeka tu hazisogei. – Mwanafunzi wa Ufundi*

Marahaba. Kigeuzi hicho kimetengenezwa kwa printa. Kinapeleka habari kwa mafungu, fungu likifika linafika. Kidhibiti chako kinataka mapigo yenye nafasi sawa hadi sehemu za milioni za sekunde, na USB haiwezi kuahidi hivyo. Hakuna mpangilio wa kukirekebisha.

Usikitupe kidhibiti. Tafuta kompyuta ya mezani ya zamani yenye poti ya kweli kwenye bodi yake mama, weka LinuxCNC, programu ya kuongoza mashine ambayo inazijua herufi X, Y, U na V na ina muda thabiti ndani yake. Mpakato yenye poti ya kweli nayo hufaa kwa shida, kwa kuwa mbinu zake za kuokoa betri hukatiza mapigo. Au chomoa draiva zake uziunge kwenye Mega: draiva haijali mapigo yanatoka wapi, mradi yawe ya volti 5.

*

*Fundi, kila nikiwasha waya, grbl inaleta alamu ya swichi ya mwisho wa mwendo na kusimama. Swichi hazijaguswa. Nikizima waya, mashine inatembea siku nzima bila kosa. – Msomaji wa muda mrefu*

Nyaya za swichi zako zimefungwa fungu moja na nyaya za waya wa moto, nina hakika bila kuiona. Ampea tatu zinazowaka na kuzimika mamia ya mara kwa sekunde hurusha kelele kwenye kila uzi ulio sambamba nazo. Tenganisha mafungu, yakilazimika kukutana, yakutane kama msalaba.

Kisha fanya mambo mawili. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya kila pini ya swichi na hasi, pale pale kwenye bodi. Na badili swichi zitumie mguu unaofungika zisipobonyezwa, ule wa NC, na uigeuze namba ya $5. Hivyo pini inakuwa imeshikwa hasi muda wote na kelele haiwezi kuinyanyua kirahisi. Faida ya ziada ni kwamba uzi wa swichi ukikatika, mashine inasimama. Kwa aina ile nyingine, uzi ukikatika hutajua mpaka mnara ugonge ukuta.

Hasi ya waya wa moto irudi kwenye pawasaplai yake kwa njia yake yenyewe, uzi mnene, isipitie kwenye RAMPS. Nilipofanya hilo peke yake nusu ya alamu zangu ziliisha.

*

*Mzee wetu, nataka kutumia mashine hii kukata sponji ya magodoro na pia mabaki ya mabomba ya plastiki. Joto niweke ngapi? Pia, nikibonyeza kusimamisha kazi katikati, waya unaendelea kuwaka. Ni kawaida? – Mama Mbunifu*

Mama, swali la kwanza nalijibu kwa kukukataza. Stairofomu, iwe ya punje punje au ile laini ya rangi, hutoa mvuke wa stairini, na hata huo unataka dirisha wazi na feni inayoupeleka nje, si inayouzungusha chumbani. Sponji ya magodoro ni poliyurethani. Ikiungua inaweza kutoa gesi ya sianidi. Mabomba mengi ya plastiki ni PVC, na moshi wake una asidi inayoshambulia mapafu yako na chuma cha mashine pia. Hakuna kiwango cha joto kinachofaa kwa hivyo viwili. Sponji ikate kwa kisu cha umeme chenye meno.

La pili, ndiyo, ni kawaida, na ni hatari. Amri ya kusimama kwa muda kwenye grbl inasimamisha mota lakini spindo inaiacha ikiendelea, kwa sababu waliotunga walikuwa na kisu cha mbao akilini. Kwako spindo ni waya, na waya uliosimama ukiwa na moto unachimba. Tumia amri ile nyingine, ya mlango wa usalama: inasimamisha mota na kuzima spindo, na ukiendelea inairudisha kwanza. Iunge kwenye kitufe halisi kilicho karibu na mkono wako, kisha jaribu kwenye kipande cha takataka uone inavyorudi, maana ukingo wa pale waya uliposimama hautakuwa safi.

Mbali na kitufe hicho, weka swichi nyekundu ya dharura, ile kubwa ya kugonga kwa kiganja, ikate umeme wa pawasaplai zote mbili. Isipitie kwenye programu yoyote. Na mashine ikiwa inakata, kaa chumbani.

Kabla hujafunga waya kwenye kidhibiti, wewe na wote mlioniandikia, fungeni taa ya gari ya volti 24 mahali pa waya, ya wati 21 au karibu na hapo. Washa pawasaplai huku kompyuta ikiwa imezimwa: taa ibaki giza. Chomeka USB: giza. Fungua programu, iunganishe, ikate, iunganishe tena mara kumi: giza. Andika M3 S100, kisha S300, kisha S600, mwanga upande kwa ngazi. Andika M5, uzimike. Bonyeza kitufe cha mlango wa usalama katikati ya mwendo, uzimike. Chomoa USB wakati taa inawaka na uangalie kinachotokea: bodi zinazolishwa na pawasaplai yake zitaendelea kuwaka, na ni vizuri ulijue hilo ukiwa mbele ya taa. Taa ikipepesa hata mara moja mahali isipotakiwa, rudi kwenye ile rezista ya kilo-omu 10.